Mnana Aliyekataliwa Nyumba

Safari yetu ya kwanza ya kutazama ndege niliiharibu mwenyewe. Niliwaamsha watoto kungali giza, nikamvisha kifunguamimba wangu darubini nzito shingoni, na kila ndege aliyetua nikauliza, "Huyu anaitwaje?" Saa moja baadaye kitindamimba, binti wa miaka mitano, alikuwa amekaa chini akichora mchangani kwa kijiti. Kaka yake wa miaka tisa akaniambia, "Mama, hii ni kama mtihani."

Maneno yale yaliniingia. Mimi nimewapenda ndege tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kunitahini.

Basi nikayaweka majina kando. Kwa wiki kadhaa tulikuwa na swali moja tu: anafanya nini? Tukaanza na ndege wasiohitaji kutafutwa. Shomoro hurukaruka kwa miguu yote miwili, kunguru hutembea hatua kwa hatua. Njiwa anapokunywa huinamisha mdomo na kuyafyonza maji, ilhali ndege wengi huyachota kidogo kisha huinua kichwa yateremke kooni. Jambo hilo mwanangu aliligundua mwenyewe kwenye dimbwi la mvua, nami nikafunga mdomo wangu nimwache afurahi.

Kilichowanasa hasa ni mnana. Tulikuta mti wenye viota vinavyoning'inia, na dume moja la manjano likiwa na ukanda wa jani bichi mdomoni. Alianza kwa kufuma kitanzi kwenye tawi, akasimama ndani yake, kisha akawa anafuma kuzunguka pale alipo: anachomeka, anavuta, anapenyeza tena, kwa mdomo na miguu tu. Tulirudi Jumamosi iliyofuata, kiota kimekamilika. Dume ananing'inia chini ya mlango, kichwa chini, anapiga mabawa na kelele juu. Jike akaja, akaingia. Kiota kikatikisika. Akavuta nyasi mbili tatu kwa ndani, akatoka, akaenda zake.

"Amekataa?" kitindamimba akauliza kwa kunong'ona.

Juma lililofuata kiota kilikuwa kimekauka, rangi ya kahawia, na dume lile lile likawa linakibomoa. Binti yangu machozi yalimlengalenga. Nikamweleza kwamba jike hupenda kiota kibichi, kwa hiyo kilichokauka hakina tena soko, na dume huona heri akivunje apate nafasi ya kujenga kingine. Tangu siku ile wao ndio wanaoniamsha.

Darubini ilirudi baadaye, walipoiomba wenyewe. Ile ya kwanza ilikuwa 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Kwa mkono wa mtoto ni mzigo. Ya 6x30 au 8x32 huwa nyepesi zaidi. Jaribu pia kama inakunjika vya kutosha, maana macho ya mtoto yamekaribiana, na asipoweza kuona kwa macho yote mawili atachoka upesi. Tulifanya mazoezi kwa kisiki, tukijifanya ni ndege: mkazie macho ndege, usiyabandue, inua darubini mpaka machoni. Kuielekeza kwenye jua ni mwiko, na hapo sina mzaha.

Majina nayo yakaja yenyewe, kwa sababu sasa walikuwa na watu wa kuwaita. Tunatumia programu ya simu iitwayo Merlin, ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, inayosikiliza sauti na kukisia ni ndege gani, lakini kwetu sharti watoto wabashiri kwanza. Na hatuchezi sauti zilizorekodiwa karibu na viota. Ndege hudhani mvamizi ameingia, akaacha mayai aende kupigana na kivuli.

Kila Februari kuna hesabu ya ndege iitwayo Great Backyard Bird Count, iliyoanza 1998 na ambayo siku hizi ni ya dunia nzima. Unahesabu kwa dakika 15 au zaidi, unatuma ulichokiona. Mwanangu anaingoja kwa hamu, kwa kuwa hesabu yake itasomwa na wanasayansi kama ya mtu mzima yeyote.

Kitindamimba yeye ana daftari la kuchora. Jumamosi iliyopita alinipa ukurasa wenye mistari mingi ya kijani na duara moja katikati, akaniagiza niandike chini yake: "Kajenga tena."