Furu wa Mwanza, perchi wa Foxton

Leo nimeshinda kwenye mfereji wa Grand Union, pale Foxton, kusini mashariki ya Leicester, Uingereza, mimi na mpwa wangu. Oktoba inaelekea ukingoni. Asubuhi baridi inauma vidole, na miti ya ng'ambo inamwaga majani kila upepo ukipita. Kwangu hakuna wakati mzuri wa kuvua hapa kuliko huu. Kiangazi mashua za watalii hupita bila kukoma na maji hubaki na tope siku nzima. Ikifika Oktoba mashua zinapungua, tope linatulia, na samaki wanajikusanya makundi makundi. Ukiweka chambo hatua mbili nje ya kundi, unaweza kukaa kutwa usiguswe. Ukipatia, hutataka kuondoka.

Foxton inajulikana kwa malango yake kumi ya maji, yaliyofunguliwa mwaka 1814, yanayopandisha mashua mlimani kiasi cha mita 23. Wageni huja kuyapiga picha. Mvuvi aliyekaa chini yake anayasikilizia. Lango likifunguliwa huko juu, baada ya muda maji yaliyolala yanaanza kutambaa, chelezo, kile kiboya kidogo cha kwenye mshipi, inasogea taratibu, na samaki waliokuwa wamegoma wanaamka. Leo ilitokea hivyo mara kadhaa: kimya kirefu, kisha mkondo mdogo, kisha chelezo inazama.

Fimbo ninayotumia ni ya kaboni, ya mita 11, vipande vinavyochomekwa kimoja ndani ya kingine. Haina kigurudumu cha kukunjia mshipi. Ndani ya vipande vya mwisho kuna mpira mwembamba, na mshipi unafungwa kwenye mpira huo. Samaki akivuta, mpira unarefuka na kumchosha, hata ndoana iwe ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Ukitaka kumtoa, unairudisha fimbo nyuma juu ya rola, kigogo kinachobingirika chini yake, unachomoa vipande vya mbele, unabaki na kipande kifupi cha kumfikishia samaki mkononi. Uzuri wake ni kwamba chambo unakishusha palepale unapotaka, kwa usahihi wa shubiri moja, na mshipi kati ya ncha ya fimbo na chelezo ni mfupi kiasi kwamba upepo hauna cha kusukuma.

Kuirudisha nyuma ndiyo kazi yenyewe, maana nyuma yetu kuna njia ambayo zamani farasi walipita wakivuta mashua, na leo wanapita waendesha baiskeli na watu na mbwa wao. Mpwa wangu alikuwa mlinzi. "Mjomba, baiskeli!" Nasimama, inapita, naendelea. Nilimwonyesha pia nyaya za umeme zinazovuka mfereji mbele kidogo, kwa sababu kaboni inapitisha umeme, na chini ya nyaya hizo hainyanyuliwi fimbo hata kama samaki wote wa mfereji wamejazana hapo.

Kabla ya yote nilipima kina kwa chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi. Mfereji una umbo lake: katikati ndiko kwenye kina, mashua zinakopita, na kila upande kuna ngazi ya udongo inayopanda kuelekea ukingo. Majani yaliyooza yamelala chini karibu kila mahali, lakini upepo wa leo ulikuwa unayasukuma upande wa pili, nikapata sehemu safi pale ngazi ya upande wetu inapoanzia. Hapo nikashusha mkate uliosagwa, kiasi cha kikombe kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya fimbo. Sikuongeza kwa muda mrefu. Maji yakipoa samaki wanakula kidogo, na chakula kingi kinawashibisha kabla hawajaiona ndoana. Samaki waitwao rochi wakaanza kuja, mmoja mmoja, wengi wao urefu wa kiganja, ubavu wa fedha na mapezi mekundu.

Adhuhuri rochi wakapoa. Nikahamia ng'ambo, chini ya matawi yaliyoinama, na nyungunyungu waliokatwakatwa. Mara chelezo haikuzama, ilitembea kwa ubavu. Nikainua, mpira ukatoka kwa mivuto mizito mizito. Mpwa wangu akanyanyuka kitini.

Alikuwa perchi, mnene, mgongo wa kijani iliyoiva, mistari myeusi ikishuka mbavuni, mapezi ya tumboni yenye rangi ya chungwa. Pezi la mgongoni lilisimama na miiba yake yote. Nikamwonyesha kijana jinsi ya kulowesha mkono kwanza, kisha kupitisha kiganja kuanzia kichwani kwenda nyuma ili miiba ilale. Magamba yake yanakwaruza kama msasa. Ndoana haina kile kijino cha kuizuia isichomoke, ilichomoka kwa kuisukuma kidogo tu.

"Mjomba, huyu si sangara?"

"Ndugu yake wa mbali sana, mjomba. Sangara angemla huyu kwa mkupuo mmoja."

Halafu nikajikuta nazungumza juu ya furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Yeye amezaliwa Leicester, furu hajawahi kumsikia. Nilimwambia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, sisi watoto tulikuwa tunakaa juu ya mawe ya Capri Point, Mwanza, na mianzi yetu, mshipi umefungwa nchani, tunavua furu. Walikuwa wadogo, na wakubwa waliwaita samaki wa watoto. Lakini rangi! Buluu, nyekundu, manjano, weusi wenye madoa. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina zao, zisizopatikana penginepo duniani. Sangara alikuwa ameshapandikizwa tangu miaka ya 1950, na katika hiyo miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Furu wa maji ya kina wakaisha kwa kasi, aina nyingi tusizione tena. Wale wa kwenye mawe ndio waliponapona. Na si sangara peke yake. Maji yalipopoteza uangavu, majike yalishindwa kuzitofautisha rangi za madume, na aina zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuchanganyika. Wanabayolojia walilithibitisha hilo miaka ya 1990.

Alinisikiliza huku kamshika yule perchi ndani ya wavu mdogo, majini.

"Na hakuna aliyejali?"

Wapo waliojali, nikamwambia, ila wengi tulitazama minofu ya sangara inayopakiwa kwenye ndege. Furu hakuwa na bei. Samaki asiye na bei akitoweka, habari haifiki sokoni.

Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema mfereji huu una visamaki tu. Huyu perchi angetosha nusu sahani, na rochi wale wasingetosha hata hiyo, lakini kumpata kila mmoja kulitaka nijue kina, upepo, mkondo na njaa yake. Kwetu wananishangaa kwamba nashinda kwenye baridi kisha namrudisha samaki majini. Mama yangu kila mara huniuliza kama huku hakuna njaa. Mimi naona kumrudisha ni sehemu ya kumjua. Kijana alifungua wavu, perchi akatulia kidogo, akapiga mkia.

Tukapata wengine kabla giza halijaingia, mmoja kamvua mwenyewe, nikiwa nimeshika kitako cha fimbo tu. Desemba anatimiza miaka 13, na kuanzia umri huo sheria ya hapa inamtaka awe na leseni; hadi miaka 16 inatolewa bure, kwa hiyo tutaiomba mapema. Fimbo ya mita 11 bado inamlemea. Nitamwanzishia na ya mita nne, isiyo na mpira, mshipi ukifungwa nchani moja kwa moja, aanze na wale wadogo wa ukingoni.