Jengo la Jerry Springer lipo Chicago, ila mimi akili yangu imebaki Sarasota

Jamani jana usiku nimemaliza ile dokumentari ya Netflix kuhusu kipindi cha Jerry Springer, kile cha tivii ya Marekani ambacho wageni walileta ugomvi wao wakaishia kupigana jukwaani, dokumentari yenyewe ni ya sehemu mbili na ilitoka Januari 2025, na mimi nikimaliza kuangalia kitu lazima nitafute walirekodia wapi, jengo gani, mtaa gani, maana bila kujua mahali naona kama sijakielewa. Safari hii nimeelewa mpaka usingizi ukakata.

Sehemu kubwa ya zile vurugu tunazozikumbuka ilirekodiwa Chicago, ndani ya NBC Tower, ghorofa lenye sakafu 37 lililofunguliwa 1989, lipo North Columbus Drive karibu kabisa na mto. Ukiliona kwa nje ni jengo la heshima, mawe meupe meupe, limenyooka juu, utadhani humo wanakaa mawakili na watu wa benki. Kumbe humo humo ndo watu walikuwa wanavuana wigi na kurushiana viti mchana kweupe, na mabaunsa wakiongozwa na Steve Wilkos, ambaye alikuwa polisi wa Chicago, wanaruka kuwaachanisha.

Chimbuko la kipindi lakini sio Chicago. Kilianzia Cincinnati mwaka 1991, kwenye stesheni ya WLWT ambapo Springer alikuwa msomaji wa habari, na kabla ya hapo alishawahi kuwa meya wa mji huohuo. Mwanzoni kilikuwa kipindi cha mazungumzo mazito, siasa na matatizo ya jamii, watu wakawa hawakiangalii. 1992 wakahamia Chicago, halafu 1994 akashika usukani prodyuza Richard Dominick, mtu aliyetokea kwenye magazeti ya udaku, na huyo alitaka kitu ambacho hata ukizima sauti ya tivii bado utaganda hapohapo unaangalia. Akakipata kweli, kufika 1998 kipindi kinampita Oprah kwenye baadhi ya miji, na Oprah mwenyewe studio yake ilikuwa mji huohuo kilomita chache tu upande wa magharibi.

Sasa kilichoniuma ni kule nyuma ya jukwaa. Picha za jukwaani tumezizoea, kuta za matofali kama godauni, viti vimepangwa mstari, watu wanashangilia jina la Jerry. Ila maprodyuza wa zamani wanaeleza walivyokuwa wanakaa na mgeni kwenye kichumba, mtu ametolewa mji mdogo huko ambako pengine hata ndege hajawahi kupanda, amelazwa hoteli, anajiona amefika, halafu wanaanza kumpandisha, wanamkumbusha alivyosalitiwa, wanampigia kelele na yeye anapiga kelele, mpaka mlango unapofunguliwa mtu ameshachemka tayari. Yani ule ugomvi ulikuwa unapikwa pale, kwenye korido, sisi tunaletewa sahani tu. Na mwisho Springer anakaa anatoa maneno ya busara, anatuambia tujitunze na tutunzane! Hapo kwa kweli niliumia, kwasababu huyu ni mtoto wa wakimbizi wa Kiyahudi waliowakimbia Wanazi, amezaliwa London katikati ya vita, alikuwa mwanasheria, alijua vizuri sana mtu kudhalilishwa ni nini.

2009 wakahama tena, wakaenda Stamford, Connecticut, wakarekodia huko mpaka kipindi kinakufa 2018. Hapo sina mengi, moto ulikuwa umeshapoa.

Ndo tuje Sarasota, Florida. Mwaka 2000 mama mmoja alienda kwenye kipindi akiamini anaenda kurudiana na aliyekuwa mume wake. Pale jukwaani, mbele ya watu wote, ndo anaambiwa mwanaume ana mke mwingine na yeye hatakiwi. Kipindi kikaja kurushwa Julai 24, na siku hiyohiyo yule mama akakutwa amekufa, ameuawa Sarasota. Aliyekuwa mume wake alikuwa ameangalia kipindi baa. 2002 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kumuua.

Ukitafuta maeneo ya kurekodia utapewa NBC Tower na Stamford basi, na ni sawa, kamera zilikuwa huko. Lakini wale wageni walikuwa wanarudi kwao ndugu zangu. Taa zikizimwa studio wao wanapanda ndege wanarudi kwenye nyumba ileile, jikoni kulekule, na yule mtu waliyetukanana nae, na sasa majirani wote wameona. Chicago mwaka 1999 baraza la mji lilimwita Springer kumuuliza kama zile ngumi ni za kweli na kwanini polisi wasikamate watu, na hapo macho yote yalikuwa kwenye jukwaa, wakati hatari ilikuwa inasafiri kwenda nyumbani na mgeni.

Mtoto wa yule mama anaongea kwenye dokumentari, sasa ni mtu mzima. Na kipande chenyewe cha mama yake wamekiweka. Nimekirudisha nyuma mara mbili. Watu wanazomea, wanataka apigane, na yeye hakupigana, aliinuka tu akaondoka jukwaani.