Jumanne Yetu Global Village

Gauni la njano nililomnunulia binti yangu lilimfika juu ya magoti. Nililinunua Oktoba pale Naif, Dubai, nikalipima kwa macho, na macho yangu yalikuwa yanamuona mtoto wa miaka saba niliyemuacha kwa mama, Tanga. Mtoto aliyetoka mlango wa abiria uwanja wa ndege, Desemba ya 2024, ameshika mkoba wa mama yake mdogo, ana miaka tisa na shingo ndefu kama ya baba yake. Usiku ule nilikaa kitandani hotelini nikafumua upindo wa gauni kwa wembe, uzi mmoja mmoja, nikapata inchi mbili. Nilipomaliza nikachukua daftari lenye mpango wetu wa kwenda Global Village, maonyesho makubwa ya hapa Dubai, nikachana kurasa mbili. Mpango nao nilikuwa nimeupima kwa macho.

Mimi nafanya kazi saluni ya kina mama Deira, mtaa wa Dubai, napaka hina na kusuka. Naishi kitanda cha kupanga, wanawake sita chumba kimoja, hakuna mahali pa mtoto. Mdogo wangu ana duka la nguo Tanga, huja huku kufunga mzigo, na safari hii alinifanyia wema ambao sijui nitaulipa vipi. Alimleta binti yangu likizo ya shule, akapanga chumba hoteli ndogo ili tulale wote watatu. Siku kumi. Ofu yangu ni Jumanne. Jumanne ya kwanza tuliimaliza kwa kulala na kusimuliana. Ya pili, tarehe 17, mdogo wangu alikuwa na shughuli zake za mzigo, kwa hiyo ilikuwa siku yetu sisi wawili peke yetu, mama na mwana.

Kwa msiokujua Global Village, fikirieni maonyesho ya Sabasaba, lakini karibu kila banda ni nchi. Unaingia lango la Yemen, unatoka, jirani yake nchi nyingine, na kila banda limejengwa mbele kwa sura ya majengo ya kwao. Msimu ule mabanda yalikuwa 30. Upande mmoja kuna uwanja wa bembea na mashine za kupanda, wanauita Carnaval. Hufunguliwa Oktoba hadi Mei tu, maana kiangazi cha Dubai hakimruhusu mtu kutembea nje na mtoto. Bi mkubwa mmoja, mteja wetu mwenye asili ya Unguja, alinihadithia huku nampaka hina kwamba yeye anakumbuka kulipokuwa vibanda tu kando ya Khor, ile hori ya Dubai, miaka ya tisini, watu wakitembea baada ya swala ya isha na watoto mgongoni. Ni yeye aliyeniambia: "Nenda Jumanne, mwanangu. Jumanne ni ya familia na wanawake, utatembea kwa raha."

Jumanne ina kasoro moja. Msimu ule fataki zilirushwa wikiendi saa tatu usiku, na binti yangu alikuwa ameziona kwenye simu ya mama yake mdogo, akaniuliza kila siku. Ijumaa na Jumamosi saluni haina pumzi, sikuthubutu hata kuomba ruhusa. Nilimweleza hivyo hivyo, sikumzungusha. Alinyamaza kidogo akauliza, "Kwa hiyo Jumanne hakuna watu wengi wa kunikanyaga?" Nikamwambia hakuna. Akasema sawa. Nawashauri wazazi wenzangu: kama kuna kitu mtoto hatakiona, mwambie kabla ya kutoka nyumbani. Akija kujua mle ndani, taa zinawaka na miguu inamuuma, siku nzima itageuka kuwa ya kitu kile kimoja alichokikosa.

Hesabu yangu ilikuwa dirhamu 250, na nilizitenga tangu Septemba. Kiingilio kilikuwa dirhamu 25 kila mtu kwa tiketi ya siku za kazi, ya siku yoyote ilikuwa 30. Mtoto chini ya miaka mitatu haingii kwenye hesabu, na wazee waliopita 65 vilevile. Basi namba 103 kutoka kituo cha Union lilikuwa dirhamu kumi kwenda na kumi kurudi, kila mmoja. Hapo 90 zimeshaondoka kabla hujameza hata maji. Nikaweka 60 za chakula na 100 za bembea. Hizo mia ndizo zilizonikosesha usingizi, kwa sababu ukiingia Carnaval bila kujua unataka nini, kadi unayojaza hela inaisha kwa vitu vya dakika mbili mbili.

Kurasa nilizochana zilikuwa na farasi wa kuzunguka, treni ya watoto, na vikombe vinavyozunguka. Nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu. Asubuhi baada ya kufumua gauni nilimsimamisha ukutani, nikachukua futi ya fundi cherehani ninayotembea nayo, nikampima bila viatu: sentimita 126. Mashine kubwa zina urefu wake wa chini, na zile za kutisha kabisa hutaka mtoto mrefu zaidi. Kibao cha urefu kipo mlangoni pa kila mashine na mhudumu hana huruma, hata mtoto alie. Kwa hiyo mpimeni watoto wenu nyumbani. Mimi nilijua namba ile ndipo nikampa daftari na kalamu nikamwambia achague mwenyewe vitatu. Aliandika cha kwanza: gurudumu kubwa. Cha pili: gurudumu kubwa tena. Cha tatu aliacha nafasi, akasema ataona hukohuko.

Jumapili usiku nilimpaka hina. Hofu yangu kubwa ilikuwa kupotezana. Nimeona hapa saluni wateja wakisimulia, mtu amegeuka kulipa, akarudi mtoto hayupo, na mtoto mwenyewe hajui Kiarabu wala Kiingereza cha kujieleza. Karatasi mfukoni hudondoka. Basi nikachukua mkono wake wa kushoto, upande wa ndani, kuanzia kiwikoni, nikachora bua, nikatoa majani kumi, na ndani ya kila jani nikaandika tarakimu moja ya namba yangu ya simu. Mwisho pale kifundoni nikafunga kwa ua. Alikaa kimya kabisa, ulimi umetoka pembeni, anapuliza. Nilimfunga kitambaa akalala nayo mpaka asubuhi. Jumatatu ilikuwa rangi ya chungwa, Jumanne imekolea kama kahawa. Ni hina ya majani tupu. Piko nyeusi simpaki mtoto wa mtu wala wangu, kwa sababu nyingi zimechanganywa dawa ya kutia nywele weusi, na nimeona ngozi ya mtoto ikitumbuka malengelenge yanayofuata ua jinsi lilivyochorwa. Tulifanya mazoezi: ukipotea, usikimbie, simama ulipo, mtafute mlinzi mwenye sare au mama mwenye watoto, onyesha mkono.

Milango hufunguliwa saa kumi jioni. Sisi saa tisa tulikuwa kituoni Union na maandazi niliyopika alfajiri, tukala palepale. Ukifika mwanzo kabisa una saa moja na nusu ya mwanga, unaona majengo yalivyo, halafu magharibi, ambayo Desemba huingia saa kumi na moja na nusu hivi. Kuna mahali pa kuswalia humo ndani. Tulitoka kuswali tukakuta taa zote zimewaka. Binti yangu alisimama. Sikumharakisha.

Mpango wangu ulikuwa nchi kwanza, bembea baadaye, kwa sababu mtoto akishapanda mashine hataki tena kuona vitu vya mezani. Mabanda 30 huwezi kuyamaliza usiku mmoja na mtoto, usijaribu. Tulichagua manne. Yemen tulikaa zaidi ya nusu saa. Muuza asali, mzee mwenye jambia kiunoni, alimpa binti yangu asali kwenye kijiti, akamwambia kwa Kiarabu ni ya sidr. Nikamfasiria: mkunazi. Alinitazama kama nimemdanganya. "Mkunazi kama wa kwa bibi? Ule wa nyuma ya choo?" Ndugu yake huyo. Aliilamba tena taratibu, macho kafumba, anatafuta kunazi ndani yake. Chupa ndogo kabisa ilizidi hela yetu yote ya chakula, hatukununua. Yule mzee alimpa kijiti cha pili.

Banda la Afrika nililiogopa kidogo, na sasa nasema kwa nini. Misri ina banda lake, Morocco ina lake. Sisi wengine wote, kuanzia Senegali mpaka kwetu, tuko chini ya paa moja. Mtoto wangu amesoma ramani shuleni, aliniuliza palepale mlangoni: "Mama, Yemen peke yake, sisi wote humu?" Nilimwambia ndiyo. Sikuwa na jibu zuri zaidi, na bado sina. Naona tunastahili zaidi. Hata Waswahili peke yetu, kuanzia Lamu kushuka mpaka Kilwa, tungelijaza banda zima, na milango yetu ya nakshi ingesimama mbele kuliko sanamu nyingi nilizoziona kule.

Ila ndani tulipokewa. Kwenye meza ya vikapu na shanga alikaa mama mmoja amejifunga leso, na leso ile ina maandishi. Binti yangu aliyasoma kwanza, kisha akainua macho. "Shikamoo, shangazi." Yule mama aliacha kuhesabu chenji. "Marahaba, mwanangu! Watoka wapi weye?" Tanga. "Tanga! Mimi wa Kisauni. Hebu njoo huku nyuma ukae." Akamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamwonyesha jinsi ya kuingiza shanga kwenye uzi bila kutazama, na wateja wakawa wanapita, Wafilipino, Wahindi, Waarabu, wanamuona mwanangu amekaa kwenye biashara kama wa pale. Mama yule alisema yeye mtoto wake wa mwisho ana miaka kumi na mmoja na hajamuona tangu msimu uliopita. Alipotutoa alimfunga bangili mkono wa kulia na akakataa hela. Nilimwachia maandazi mawili yaliyobaki.

Chakula kilikuwa rahisi. Mwanamke wa Kiimarati alikuwa anadondoshea donge dogo dogo kwenye mafuta, na kabla sijasema kitu nilivutwa nguo. "Mama, kaimati!" Wao wanaita luqaimat, wanamwagia asali ya tende badala ya shira ya sukari, na ufuta juu. Tulikula sahani moja wawili. Alisema za bibi ni laini zaidi. Nakubaliana naye, lakini za huku zina mlio mzuri ukizing'ata.

Kitu nilichokosea ni baridi. Nilimvalisha gauni la njano na kandambili nzuri, nikasahau kwamba jangwani usiku wa Desemba si wa Tanga. Saa mbili meno yalikuwa yanagongana. Nilimfunga mtandio wangu, nikatembea mimi na kijora kitupu. Bebeni masweta, na viatu vya kufunika vidole, kwa sababu kule unatembea kuliko unavyodhani.

Foleni ya gurudumu kubwa ilikuwa fupi, kama dakika ishirini, na humo ndimo siku ilipokuwa. Amejiegemeza tumboni kwangu ndani ya mtandio, anachezea bangili, akaniambia bila kugeuka kwamba siku hizi halali na bibi. Ana kitanda chake. Mjomba alimpigia misumari, kina chandarua chake, na mwanzoni alikuwa anaamka usiku lakini sasa haamki. Nampigia simu kila siku miaka miwili, hakuna aliyeniambia. Nikamuuliza, kwa nini hukunieleza? "Ulikuwa huulizi. Unaulizaga kama nimekula." Gurudumu likafika, tukapanda. Juu kabisa lilisimama, mabanda yote chini yanawaka, barabara ya Sheikh Mohammed bin Zayed kama mkufu wa taa, naye akanihesabia: Yemen ile, Misri ile, na ile ya shangazi. Tulipanda mara ya pili kama alivyoandika. Ile nafasi ya tatu hakuijaza. Nilirudi na hela kwenye kadi.

Saa nne tuliondoka, kabla ya msongamano wa mwisho. Kituo cha basi usiku kina foleni yake, panga dakika arobaini za kusimama. Alisimama hadi mwisho.

Alhamisi waliondoka. Jumapili ya wiki iliyofuata bibi yake alinipigia kwa video akamleta karibu na kamera, mkono wa kushoto umenyooshwa. Ua lilikuwa limeshafutika, na majani ya kiwikoni pia. "Zimebaki nne," mama akasema, akaanza kunisomea. Binti yangu akamkatiza akazitaja zote kumi kwa kichwa, mfululizo. Halafu nikamuuliza kitanda chake kimekaa upande gani wa dirisha.