Kushuka ni uamuzi wa kiongozi, si wa mgonjwa

Anayeugua mlimani kwa sababu ya mwinuko mara nyingi ndiye wa mwisho kukubali kwamba anaumwa. Kwenye mita 5,500 mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, na ubongo unaokosa oksijeni haujipimi vizuri. Ukimuuliza "Unajisikiaje?" atakujibu "Niko sawa."

Kwa hiyo uliza mambo mahususi, jioni na asubuhi: kichwa kinauma? Umekula nini? Umetapika? Una kizunguzungu? Kisha mtoe nje ya hema atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi hivi. Akiyumba, mchukulie kwamba ubongo umeanza kuvimba, hata kama ndiye mwenye nguvu kuliko wote kundini. Mapafu nayo yana dalili zake: anabaki nyuma ghafla, anakohoa, anahema akiwa amekaa tu. Kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kinasaidia, ila kidole cha baridi hudanganya. Mpashe mkono joto kwanza, subiri namba itulie, halafu ilinganishe na za wenzake.

Dalili hizi zikionekana, anashuka, hata kama ni usiku, ilimradi njia inapitika kwa usalama. Mita 300 hadi 1,000 kwa kawaida zinatosha kuleta nafuu. Asishuke peke yake kamwe. Oksijeni na deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe (mtu mzima miligramu 8, kisha 4 kila saa 6, kama mlivyokubaliana na daktari kabla ya safari) zinakununulia muda wa kumteremsha. Kosa baya ni kumwona amechangamka baada ya dawa, ukamruhusu aendelee kupanda.

Kanuni ya kuzuia inajulikana: ukipita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika. Inavunjika kwa sababu kambi huwekwa penye maji na tambarare, si penye mwinuko unaofaa. Siku moja inaruka mita 800. Ongeza usiku mmoja kabla ya mruko huo, na uuweke kwenye ratiba tangu mwanzo, chakula kikiwa bado hakijahesabiwa.

Wapagazi wapimwe vilevile. Tunalisema kwa uchungu, maana mpagazi mgonjwa bado huambiwa ashuke mwenyewe.

Siku ya kilele, saa ya kugeuka na kurudi chini, hata kama hamjafika kileleni, itajwe jioni ya kuamkia safari, kila mtu akisikia. Mei 1996 kwenye Everest, watu wanane walikufa katika dhoruba, na baadhi yao walikuwa wamefika kileleni mchana umeshapita sana. Mwenye redio kambini apewe saa hiyo pia. Ikifika, awaite yeye kwanza walio juu, asingoje kuitwa.