Siku moja maishani mwangu: sentimita 5 za chini

Mimi ni mfinyanzi wa gurudumu, na huu ni mwaka wa 9 tangu nilipoketi kwa mara ya kwanza mbele ya chombo hicho kinachozunguka. Vikombe na bakuli havinisumbui tena. Kinachonisumbua ni vyombo virefu, vyombo vyenye shingo nyembamba, mitungi inayoungwa kwa vipande viwili, na vifuniko ambavyo vinapaswa kukaa mahali pake bila kulazimishwa. Nimeiandika siku ya jana jinsi ilivyokwenda, saa kwa saa, pamoja na mtungi niliouharibu kabla ya adhuhuri.

Saa 12 asubuhi

Kazi ya kwanza ya siku haihusu gurudumu hata kidogo. Nilifunua plastiki zilizofunika vyombo vya juzi, nikavipapasa kimoja kimoja, kwanza ukingoni, kisha tumboni, kisha kwenye kitako, kwa sababu chombo hukauka kuanzia juu kwenda chini na ukingo unaweza kuwa mgumu ilhali kitako bado ni kibichi. Ninachokitafuta ni ule ugumu ambao kisu hukata udongo kama kinavyokata mche wa sabuni, na ukucha huacha alama bila kuzama. Bakuli mbili zilikuwa zimefikia hali hiyo, nikazifunika tena mara moja. Vifuniko vitatu vilikuwa vimelegea bado. Nilivipindua juu ya ubao ili hewa ifike upande wa chini. Tumbo la birika nililolifinyanga jioni lilikuwa katikati ya hali hizo mbili, nikaliacha wazi kwa saa moja.

Saa 1 asubuhi

Nilikanda madonge 6 ya kilo 2 kila moja, na mengine mawili, la kilo 5 na la kilo 4, kwa ajili ya mtungi. Ninakanda kwa mzunguko, mkono mmoja ukisukuma na mwingine ukigeuza, hadi donge lichukue umbo la kombe, kisha ninalikata kwa waya na kuangalia uso wa mkato. Nikiona tundu au mstari wa rangi tofauti, ninaanza upya. Wengi huamini kwamba kiputo cha hewa ndicho kinacholipua chombo tanurini. Kinacholipua ni maji yaliyobaki ndani ya udongo, ambayo hugeuka mvuke na kukosa njia ya kutokea. Kiputo kina ubaya wa namna nyingine: hukupiga kidoleni wakati ukuta unapanda, mkono unaruka, na ukuta unayumba kuanzia hapo hadi juu.

Saa 2 asubuhi

Hapa ndipo siku yangu ilipo hasa. Kwa miezi kadhaa sasa, kila asubuhi ninafinyanga silinda 6 zilezile: udongo wa kilo 2, upana wa sentimita 12, kimo cha sentimita 30, na mivuto mitatu tu ya ukuta, yaani kuupandisha udongo kwa vidole mara tatu. Hakuna hata moja ninayokusudia kuichoma.

Donge huanza kwa kuwekwa katikati, na hatua hiyo mimi huifanya kwa mwili zaidi kuliko kwa mikono. Kiwiko cha kushoto kimebanwa kwenye paja karibu na nyonga, kitako cha kiganja kinasukuma udongo kutoka ubavuni, mkono wa kulia unakandamiza kutoka juu, na pedali iko karibu na mwisho wake, gurudumu likienda kasi. Ninaupandisha udongo uwe mnara na kuushusha tena, mara mbili au tatu. Chembe za udongo ni bapa, mfano wa karata ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na kupandisha na kushusha huko huzilaza kwa mpangilio mmoja unaofuata mzunguko. Donge lililowekwa katikati bila kufanyiwa hivyo huonekana limetulia, lakini linapofunguliwa hujitokeza upande mmoja mzito.

Baada ya kulifungua na kuacha unene wa milimita 8 chini, ninakandamiza sakafu kwa kibao kutoka ukingoni kwenda katikati na kurudi, mara nne au tano. Asiyekandamiza sakafu hulipa baadaye kwa ufa wenye umbo la herufi S katikati ya kitako, ambao aghalabu huonekana chombo kinapokauka au kinapotoka tanurini.

Kisha unakuja mvuto wa kwanza, nao ndio unaoamua kila kitu. Kidole cha nje lazima kiingie chini kabisa, pale ukuta unapokutana na ubao ulio juu ya gurudumu, kichimbe mfereji mdogo, na udongo uliovimba juu ya mfereji huo upandishwe polepole kama anayebeba pete ya maji. Mwanafunzi huanza mvuto sentimita 2 juu ya ubao kwa kuogopa kung'oa chombo. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mitano bila kujua. Udongo wote ulioachwa hapo chini hauwezi tena kupanda, kwa kuwa katika mvuto wa pili ukuta wa juu umekwisha kuwa mwembamba na hauwezi kustahimili nguvu ya kuuinua.

Kasi nayo hupungua kadiri chombo kinavyorefuka. Mvuto wa kwanza niliufanya gurudumu likienda nusu ya kasi yake, wa tatu polepole kiasi cha kuweza kuhesabu mizunguko. Kanuni ninayoishika ni kwamba vidole visipande haraka kuliko gurudumu linavyoruhusu. Vikipanda haraka huacha mzingo wa mgongo na bonde ukutani. Maji pia ninayabana. Baada ya mvuto wa kwanza silowanishi ukuta kwa maji, bali kwa tope laini linalojikusanya mkononi, maana maji yanayotuama ndani hulainisha sakafu na kuulegeza ukuta kwenye mguu wake, mahali hasa panapobeba uzito wote.

Silinda ya tatu ilisimama sentimita 30 kamili, nyembamba na iliyonyooka. Niliipenda.

Saa 4 asubuhi

Niliikata. Waya ulipita kutoka ukingoni hadi kwenye ubao, nusu moja ikaangukia mkononi, na nikapima ukuta kwa rula: juu milimita 6, katikati milimita 7, na chini, kwenye sentimita 5 za mwanzo, milimita 12. Kwa nje hakuna jicho ambalo lingegundua. Nilipiga hesabu haraka: milimita 5 za ziada, kwa kimo cha sentimita 5 na mzunguko wa takriban sentimita 35, ni zaidi ya gramu 150 za udongo, ambazo zingetosha kuongeza ukuta sentimita 3 nyingine. Kimo kilikuwa kimenidanganya.

Silinda ya nne niliiweka kwenye jaribio jingine. Kabla ya kuikaba shingo nilichora kwa sindano mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, kisha nikaanza kuibana kwa vidole vyangu sita, taratibu, nikipandisha mikono kila ninapobana. Nilipomaliza, mstari ulikuwa umelala upande kama mlingoti wakati wa upepo. Huo ndio msokoto: vidole vinashikilia sehemu ya juu wakati gurudumu linaendelea kuvuta sehemu ya chini, na ukuta unajisokota katikati. Ukizidi, mikunjo ya mshazari hujitokeza chini ya shingo na chombo huketi. Dawa yake ni kupaka tope vidoleni, kubana kidogo kwa mara nyingi, na kuufanya ukuta wa shingo kuwa mnene kabla ya kuukaba, kwa sababu kukaba kwenyewe huongeza unene na ukuta ulio mwembamba hukunjamana badala ya kunenepa.

Silinda ya tano na ya sita nilizikata pia. Chini: milimita 10, kisha 9. Niliandika tarakimu hizo daftarini.

Saa 5 asubuhi

Mtungi wa vipande viwili ndio niliokuwa nimeusubiri wiki nzima. Sehemu ya chini ya kilo 5 niliifinyanga mapema, kabla ya silinda, ikiwa na mdomo wa sentimita 22 na ukingo mnene ulio bapa wenye mfereji mdogo, kisha nikaiweka kando ili isimame kidogo. Sehemu ya juu ya kilo 4 ni pete isiyo na sakafu, iliyofinyangwa juu chini, na ukingo wake hupimwa kwa kalipa, kifaa cha miguu miwili cha kupimia upana, ili ulingane na ule wa chini. Ukiipindua juu ya sehemu ya chini, ukingo huingia kwenye mfereji, unaitenga na ubao wake kwa waya, na kile kilichokuwa kitako kinageuka kuwa shingo.

Ugumu wa kazi hii ni wa wakati kuliko wa mikono. Mwili wa sehemu ya chini unapaswa kuwa umekauka kiasi cha kubeba uzito wa kilo 4, ilhali ukingo wake unapaswa kubaki laini ili ushikane na mwenzake. Kwa hiyo ukingo hufungwa kwa utepe wa plastiki. Jana, katika furaha ya ile silinda ya tatu, nilisahau kuufunga. Isitoshe, sehemu hiyo ilikuwa karibu na dirisha, na upande ulioelekea upepo ulikauka kuliko upande wa pili.

Nilihisi ugumu huo mapema, na hapo ndipo kosa la pili lilipotokea: badala ya kuahirisha, nilichanja ukingo, nikaupaka tope zito, nikaendelea. Maungio yalionekana safi. Nilipoanza kuuvuta ukuta kupita juu ya kiungo, upande laini ulinyooka na upande mkavu ukakataa, gurudumu likaanza kurusha mdomo huku na huku, na katika mzunguko wa nne au wa tano ufa ukafunguka kando ya kiungo, mrefu kama kidole, kisha mrefu kama kiganja. Nilisimamisha gurudumu. Tumbo lilijikunja pole, kama mtu anayekaa chini baada ya kusimama muda mrefu. Kilo 9 ziliingia kwenye pipa la udongo wa kurudiwa, na sikufinyanga mtungi mwingine. Mabega yaliyochoka hayapangi vizuri kingo mbili.

Saa 7 mchana

Nilipumzika, nikanyoosha mgongo na vifundo vya mikono. Hakuna zaidi la kusema.

Saa 8 mchana

Kukwangua, yaani kuondoa udongo wa ziada kwenye kitako kwa chuma, ni kazi ninayoipenda kwa sababu chombo husema kwa sauti. Unakigonga kitako kwa kidole: mlio butu maana yake udongo ni mnene, mlio wa uwazi kama wa ngoma maana yake umekaribia kikomo na chuma cha kukwangulia kinapaswa kutulia. Bakuli la kwanza nilikwangua kutoka nje kwenda kwenye pete ya kitako, vipande vikiondoka kwa utepe mrefu usiokatika, ishara kwamba ugumu ulikuwa sawa. La pili lilitoa unga badala ya utepe upande mmoja, nikalipaka maji kwa sifongo na kusubiri. Ni kweli kwamba kukwangua kunaweza kuondoa unene wa chini nilioushindwa asubuhi, na wengi wetu hujificha hapo. Lakini udongo uliokwanguliwa hauwi kimo. Unakuwa taka tu.

Kisha vifuniko. Udongo ninaoutumia hunywea kwa takriban asilimia 12 hadi kuchomwa kabisa, nilivyopima kwa kipande chenye mstari wa sentimita 10 ambao ulitoka tanurini ukiwa na sentimita 8.8. Kwa sababu hiyo kifuniko na chombo chake hufinyangwa siku moja, kwa udongo wa donge moja, na hukauka vikiwa pamoja. Vifuniko vyangu vitatu vilikaa vizuri, kimoja kikiwa na nafasi ya kucheza ya milimita 2, ambayo ni nyingi kuliko ninavyotaka.

Saa 10 jioni

Nililiunga birika. Mdomo wake wa kumiminia ulifinyangwa juzi kama koni ndogo iliyokabwa sana, na hapa msokoto wa asubuhi unarudi kwa sura nyingine: udongo uliosokotwa wakati wa kukabwa huendelea kujisogeza unapokauka na kuchomwa, hata mdomo uliokatwa sawasawa ukatoka tanurini umeinama upande. Nimechoma vipande vya majaribio vya kutosha kujua mdomo wangu huelekea wapi na kwa kiasi gani, kwa hiyo ninaukata ncha ikiwa imeinama kidogo upande wa pili. Mgeni akiliona birika likiwa bichi atadhani nimekosea. Ncha ya mdomo niliipanga iwe juu kidogo ya usawa wa ukingo, la sivyo birika lingemwaga kabla halijajaa. Mashimo ya kichujio niliyatoboa mengi kuliko mdomo unavyohitaji, kwa kuwa glezi, ule upako unaogeuka kioo tanurini, huziba baadhi yao.

Saa 11 na nusu jioni

Usafi hufanywa kwa maji pekee, sifongo na tambara bichi, wala sifagii kamwe. Vumbi la udongo mkavu lina silika, na likivutwa kwa miaka huharibu mapafu bila dawa ya kuyarudisha.

Saa 2 usiku

Tanuri lilikuwa limekwisha kupangwa vyombo vya mchomo wa kwanza. Niliwasha moto mdogo, chini ya nyuzi 100, uendelee hadi alfajiri ili maji yatoke bila haraka. Baada ya hapo utapanda hadi nyuzi 1000, ukipita taratibu kwenye 573, ambapo chembe za kwazi, aina ya silika iliyomo kwenye udongo, hubadili umbile na kutanuka kwa ghafla.

Kabla ya kuzima taa nilirudi kwenye rafu, nikachukua nusu ya silinda ya sita niliyokuwa nimeibakiza, nikaandika tarehe kwa sindano pembeni mwa mkato na kuisimamisha karibu na nusu zilizotangulia. Milimita 9. Ya mwezi uliopita ilikuwa 14. Kisha nikakata utepe wa plastiki wenye urefu wa kutosha kuzunguka mdomo wa sentimita 22, nikauning'iniza juu ya kiti cha gurudumu mahali ambapo siwezi kuketi bila kuugusa.