EQ inaangalia bahasha, haiangalii nyumba

Jana nimekesha hadi saa saba usiku kwa sababu ya vitufe viwili. Naandika programu ya kurekodi mauzo kwa lugha ya Common Lisp, ndani ya SBCL (programu inayoiendesha lugha hiyo), na madirisha yake yanatoka GTK, maktaba ya lugha ya C ninayoifikia kupitia CFFI, daraja kati ya Lisp na C. Kitufe kikibonyezwa, C inaiita fankisheni yangu na kuipa pointa, yaani anwani ya kitufe hicho kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Nikaandika `(eq pointa *hifadhi*)`, nikiuliza kwa EQ kama ni ileile pointa ya kitufe cha "Hifadhi" niliyoiweka. Jibu NIL, yaani hapana. Nikachapisha pointa zote mbili: anwani ni ileile, hadi tarakimu ya mwisho!

Kumbe pointa ya C haiingii Lisp ikiwa tupu. SBCL huifungia ndani ya kitu kidogo kiitwacho SAP, na kila inapovuka inaweza kufungiwa ndani ya SAP nyingine mpya. Ni bahasha mbili zilizoandikwa namba ya kiwanja kimoja. EQ inauliza kama bahasha ni ileile, basi. Ndugu yake EQL huchungulia ndani kwa namba na herufi tu, na EQUAL nayo haiijui SAP. Anayejua kusoma anwani ni `cffi:pointer-eq`, na hapo ndipo kitufe changu kilipotambulika.

Lakini mimi nilitaka zaidi: kila kitufe cha C kiwe na kitu kimoja tu upande wa Lisp, ili huko EQ ifanye kazi yake. Nikatengeneza jedwali la hashi, linalotafuta kitu kwa ufunguo wake, ufunguo ukiwa namba inayotolewa na `cffi:pointer-address`, kwa kipimo cha EQL, maana kiwango rasmi cha Common Lisp, cha ANSI, hakitoi ahadi yoyote kuhusu EQ kwa namba.

Hapo likazuka lililonitisha kweli. Nilifunga dirisha, nikafungua jingine, na kitufe cha "Futa" kikajibu kama "Hifadhi". Nyumba ilishabomolewa, C ikajenga nyingine kwenye kiwanja kilekile, na jedwali langu bado linamtaja mwenyeji wa zamani. Kwenye daftari la mauzo ya mtu, kosa hilo silivumilii. Kwa hiyo sasa kila kitufe nakifungia ishara ya `destroy`. GTK ikikiharibu, `remhash` inafuta ufunguo wake papo hapo.

Leo asubuhi nimefungua na kufunga dirisha mara mia mbili, nikichapisha `hash-table-count`, idadi ya funguo zilizobaki kwenye jedwali, kila linapofungwa. Sifuri, mara zote mia mbili.