Kumbe meno hayatakiwi kugusana

Mume wangu ndiye aliyenishtua. Aliniambia usiku nasaga meno kwa sauti, mpaka anaamka. Nilimbishia. Lakini kila asubuhi nilikuwa naamka mapanja yanauma, taya limechoka kana kwamba nimekesha nikitafuna, na nikinywa maji baridi gego moja la juu linanipa maumivu ya kuchoma hadi kwenye jicho.

Daktari wa meno aliniambia nitoe ulimi, akanishikisha kioo. Kingo za ulimi zilikuwa zimebonyea kwa mfuatano, alama za meno yangu mwenyewe. Ndani ya shavu kulikuwa na mstari mweupe, usawa wa pale meno yanapokutana. Akaniuliza, "Hapo ulipofunga mdomo, meno ya juu na ya chini yamegusana?" Nikajibu ndiyo, bila wasiwasi wowote. Nilidhani ndivyo yanavyokaa kwa kila mtu.

Kumbe sivyo. Taya likipumzika, midomo hukutana lakini meno huachana kidogo, kama milimita 2 hadi 4. Ulimi hutulia juu kwenye kaakaa, ncha yake nyuma ya meno ya mbele, pale unapogusa ukitamka "n", na pumzi hupita puani. Meno hukutana tunapotafuna na kumeza, basi. Nimeishi miaka 41 bila kuambiwa jambo hili, na linaniuma, maana gego lile lilishalika.

Alinitengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku. Kinakinga meno yasiendelee kulika; kuacha kusaga ni habari nyingine, na hilo alinieleza wazi. Kazi yangu ilikuwa ya mchana: kujikamata nikiwa nimekaza taya. Nilijikamata nikitunga uzi kwenye sindano, nikibeba ndoo, nikisoma ujumbe wenye habari nzito, hata nikimkata mtoto kucha. Nikabandika vipande vya karatasi ya kijani kwenye kioo, nyuma ya simu na kwenye cherehani. Kila nikiona kimoja, naguna "mmm" kama mtu anayeitikia bila kufungua kinywa, meno yanaachia yenyewe, nashusha mabega na kutoa pumzi taratibu. Kahawa ya jioni niliiacha pia.

Mwanzoni nilikosea. Nilikuwa nalishikilia taya chini kwa nguvu ili meno yasigusane, misuli ya mashavu ikauma kuliko kabla. Taya linaachiwa tu, kama mkono unavyoning'inia ukiwa umesimama.

Ilichukua miezi miwili hivi asubuhi zangu kubadilika. Mapanja yametulia. Siku za mawazo mengi mume wangu bado hunisikia nikisaga, naye hunigusa bega nigeuke. Juzi nilimpelekea daktari kile kifaa akikague: mikwaruzo mipya ipo, ila michache.